Kofi la Kang'ata

Wiki iliyopita nililala ndani ya kaburi la mtu mwingine. Walikuwa wamekwisha kulichimba, udongo mwekundu wa Korogwe umerundikwa pembeni, marehemu bado yuko nyumbani kwake, nami na uzee wangu huu nikateremka, nikajinyoosha chini, nikafumba macho na kusema sitoki mpaka niletewe kuku na soda baridi. Vijana waliotoka Dar walishtuka, mmoja akatoa simu anipige picha. Ikabidi mama mmoja wa makamo awaeleze kwamba yule mzee ni Mzigua na marehemu ni Mnyamwezi, kwamba makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara iliyopita huku na mizigo kwenda pwani, na kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana, kula chakula chako mbele ya macho yako, hata kuvuruga msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Nilimsikia akieleza huku ubaridi wa udongo ukinipanda mgongoni. Waombolezaji walicheka, kama ilivyotakiwa wacheke. Mimi huko chini sikuwaza kifo. Niliuwaza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka ambao yule tuliyekuwa tukimzika, Maganga, alinifundisha kupigana.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimekuwa utingo wa lori, nimechoma mkaa, nimeshika taa kwa fundi saa mwenye macho mabovu, nimevua samaki mtoni Ruvu bila kujua kuogelea. Shule niliiacha darasa la sita, siku mwalimu aliponizaba kofi kwa kumwuliza kwa nini mwezi unamfuata mtu anapotembea. Nilitoka nje kama ninayekwenda chooni, sikurudi. Baada ya hapo walinipiga makofi wengine: dereva wa lori, mwenye bucha pale Handeni, mgambo mmoja wa sokoni ambaye mpaka leo sijui alinipigia nini. Mtu anayeuliza sana na asiye na pa kurudi hupigwa makofi mengi. Kwa hiyo nilipofika Korogwe, mwaka ule ambao redio haikumaliza siku bila kutaja vijiji vya ujamaa, sikuwa natafuta kazi wala dini wala mke. Nilikuwa natafuta jambo moja: atakayeniinulia mkono tena, huo mkono usirudi kwake mzima. Nilikuwa nimesikia kwamba katika shamba moja la mkonge kuna Mnyamwezi anayejua karate.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya wafanyakazi, upande ambao upepo ulileta harufu ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Harufu hiyo ya majani yaliyooza huwezi kuizoea, unaacha tu kuitaja. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, baiskeli iliyoning'inizwa ukutani, na mkewe Mama Shija akisonga ugali wa unga wa njano, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekosa na mahindi meupe tuliyasikia kwa jina tu. Mlangoni alikaa jirani yao Hoza, Msambaa wa Lutindi, mpole, mwenye shingo kama gogo.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzigua. Wa Kang'ata."

Maganga akamgeukia mkewe. "Mama Shija, ficha unga. Mzigua ameingia ndani."

"Mwache mtoto wa watu akae."

"Mtoto wa watu gani? Hawa njaa kidogo tu wanajiuza kwa pishi ya mtama. Umekuja kujiuza, kijana? Mimi sinunui. Umekonda mno."

Nilijua wajibu wangu. "Na nyie wapagazi, mlitua mizigo hapa mkasahau njia ya kwenu. Mpaka leo mnaulizana magharibi ni wapi."

Hoza alicheka mpaka akashika mlango. Tukakaribishwa kula. Mama Shija alinigawia samaki mmoja mkavu, wa kwanza kumwona kwa siku nyingi, na kabla sijamgusa Maganga akanyoosha mkono kwa utulivu, akamchukua, akamtia mzima kinywani. Hiyo ni haki ya mtani. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Lakini njaa haijui utani, na kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama, ngumi juu, ugali umemwagika mkekani.

Mama Shija aliinua mwiko akasahau kuushusha. Hoza alinitazama kama vile nimejisaidia haja ndogo ndani ya nyumba.

"Ee!" akasema. "Amekasirikia utani!"

Maganga alimaliza kutafuna, akatoa miiba kinywani mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani. "Faini yake ni kuku," akasema. "Una kuku?"

"Sina."

"Basi utalipa kwa masikio. Kila alasiri, baada ya kazi, utakuja pale ghala la zamani. Nitakutukana, na wewe utapumua. Siku utakayopumua vizuri, tutaanza habari ya kupigana."

Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa. Asubuhi nilikata mkonge pamoja na Hoza, alasiri tulikwenda ghalani. Tulikuwa kundi dogo la wakata mkonge na wasukuma toroli, tumetandika sakafuni magunia yaliyojazwa makapi ya mkonge, ambayo yaliwasha ngozi hata kupitia nguo, na kila aliyeangushwa aliinuka anajikuna. Maganga alijifunza kazi hiyo katika kambi ya vijana ya jeshi, kwa mkufunzi mgeni ambaye hawakuelewana lugha. Aliondoka na mwili unaojua kila kitu, asijue jina la kitu chochote. Majina akayatunga mwenyewe kutoka kazini. Kumshika mtu mkono na kumzungusha mgongoni mwako kuliitwa kubeba mzigo. Kumkata mguu wakati uzito wake wote uko juu ya mguu huo kuliitwa kukata jani la chini. Kumviringisha na kumlaza ukiwa umemkalia kuliitwa kufunga bunda. Miaka mingi baadaye, Arusha, nilimwona kijana mwenye suti nyeupe na mkanda akifanya kufunga bunda, nikapiga kelele jina hilo kutoka kwenye viti, watu wakanigeukia. Mpaka leo naamini jina letu ni zuri zaidi ya lake.

Lakini nilisubiri sana kabla ya kuyajua hayo. Kwanza nilisimama katikati ya ghala, mikono chini, huku Maganga akinizunguka na kunichambua: miguu yangu, ukoo wangu, jinsi ninavyotafuna, jinsi nilivyokimbia shule. Nikipandisha mabega, alinigonga kidogo kwa fimbo ya ufagio. "Umepanda tena. Shuka. Hasira inaingilia mabegani, mtani. Funga mlango." Nilidhani ni mzaha wa kabila. Ilinichukua muda kuona kwamba alikuwa akitumia utani kama wengine wanavyotumia mawe ya kupimia: ananiongezea kidogo kidogo, anaangalia kama mizani imelala. Na kwangu ilikuwa rahisi, kwa sababu mila ilinishika mkono. Mtani akikutukana, mababu zako wote wamekwisha kukuambia tulia. Sikuwa natulia mimi, walikuwa wanatulia wao.

Jambo jingine nililoliona la ajabu ni nani aliongoza. Mimi, mjinga kuliko wote, nikapewa kuongoza mazoezi ya kwanza, ya kupasha mwili moto. Nikasimama mbele, nikahesabu haraka, nikaruka juu, nikifurahia sauti yangu mwenyewe ikigonga mabati. Maganga akanisimamisha.

"Unaongoza nani?"

"Hawa."

"Hawa nani? Umewaangalia? Yule Hoza amekwisha kukata tamaa tangu pale ulipoanza kuimba. Geuka. Sikiliza pumzi zao. Mwenye pumzi fupi kuliko wote ndiye anayehesabu, wewe mdomo tu."

Nikageuka. Kuanzia siku hiyo nilijifunza kuwasikia watu kwa nyuma ya kichwa changu, na nimekitumia kipaji hicho kwenye malori, kwenye mashimo ya madini, kwenye foleni za unga, zaidi kuliko nilivyowahi kutumia ngumi. Chumba chenye watu kumi kina pumzi kumi. Ukisikiliza unajua nani ataanza ugomvi kabla yeye mwenyewe hajajua. Sikujua wakati huo kwamba hicho ndicho nilichokuwa nikifundishwa. Nilikuwa nahesabu siku za kufika kwenye kubeba mzigo, na usiku nilipolala nilipanga sura za wote walionipiga makofi, mmoja baada ya mwingine, nikiwaangusha juu ya makapi.

Hatimaye nikayajua, kubeba mzigo na mengine yote. Nikawa mzuri. Nasema bila aibu, kwa kuwa ni kati ya mambo machache niliyowahi kuyafanya mpaka mwisho. Ndipo ukaja ujumbe kutoka Kang'ata, kwa mdomo wa mpanda baiskeli aliyeleta asali: watu wamehamishiwa kijiji kipya, kila nyumba itoe kijana wa kusaidia kujenga, na mimi nahesabiwa. Maganga alinisindikiza mpaka barabarani akiwaambia wapita njia kwamba Wazigua wameona nimenenepa, wanataka kuniuza tena.

Sifa zilinitangulia. Sijui aliyezieneza, labda huyo mwuza asali. Nilipofika, watoto walinifuata wakiniuliza kama kweli naruka juu ya paa. Kikongwe mmoja aliniomba nisipotee machoni mwake ghafla kwa sababu ana ugonjwa wa moyo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, mtu wa kofia ya kitambaa na sauti ya mikutano, alinitazama kwa furaha kama aliyeletewa trekta.

"Kijana, wewe ndiye utakayeongoza vijana wa ulinzi. Na shamba la pamoja pia liko chini yako."

"Mzee, mimi sijawahi kuongoza kitu."

"Karate unajua?"

"Kidogo."

"Basi."

Hivyo nikawa kiongozi kwa sababu watu waliniogopa kwa mambo nisiyoyaweza. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mstari, jirani na jirani wasiofahamiana, watu waliozoea kuishi mbali mbali na mashamba yao sasa wakisikia kila mmoja kikohozi cha mwenzake. Usiku nililala kwenye nyumba isiyomalizika, udongo wa kuta bado mbichi, na kusikia upande wa pili mume na mke wakinong'ona habari za migomba waliyoiacha. Shamba la pamoja lilikuwa la mahindi na mtama, na palizi ilikwenda vibaya kwa sababu wenye nguvu walitangulia, wakamaliza mistari yao, wakakaa kivulini kuwacheka waliobaki. Nikakumbuka ghala. Nikamtoa Bibi Zaina, mzee aliyepalilia polepole kuliko wote, nikamweka mbele, nikasema hakuna wa kumpita. Walinicheka mimi badala yake. "Kamanda anatuongoza kwa konokono!" Lakini siku ile hakuna aliyekaa kivulini, na jua lilipoelekea kushuka eneo lilikuwa limekwisha, na Bibi Zaina alitembea kurudi kijijini akiwa ameinua kidevu kama bibi harusi. Nilijiona nimefika. Nilidhani uongozi ndio huo.

Kitu ambacho hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyezoea kuuliza, ni kwa nini shamba lile lilikuwa na udongo uliokanyagwa vizuri hivyo katikati yake, utepe mrefu usioota vizuri. Waliopima shamba walitoka mjini na kamba. Utepe ule ulikuwa njia ya ng'ombe. Wamasai walipita hapo kila kiangazi kwenda kwenye mabwawa, tangu kabla ya kijiji, na mwaka ule wa ukame walikuja mapema.

Walifika adhuhuri. Tulisikia njuga kwanza, kisha vumbi, kisha ng'ombe wa mbele wakaingia kwenye mahindi kama waliokaribishwa. Vijana wangu walikimbia na mapanga na mikuki ya ulinzi, mimi mbele. Upande wa pili walisimama vijana wa Kimasai, na mbele yao mtu wa umri wangu, mrefu, shuka jekundu begani na fimbo mkononi. Jina lake Saning'o, nililijua baadaye.

"Toeni ng'ombe!" alipiga kelele mmoja wa vijana wangu. "Mnakula jasho la watu!"

"Nyinyi mnalima barabara," Saning'o akajibu. "Mtu analima barabara, halafu analia gari limepita?"

Nyuma yangu nilisikia pumzi zao. Fupi, za juu, za mabegani. Mbele yangu niliona mikuki ikibadilishwa mikono. Nikaenda kwake. Fimbo ina nguvu kwenye ncha yake, Maganga alituonyesha mara nyingi, ukiingia karibu inakuwa mti tu. Nikaingia karibu mpaka nikanusa mafuta na maziwa kwenye ngozi yake, nikashika ukingo wa shuka lake, mguu wangu ukaenda wenyewe nje ya mguu wake. Kukata jani la chini. Nilikuwa tayari. Alikuwa amekwisha.

Akanizaba kofi.

Kofi zito, la kiganja chote, mbele ya kijiji changu na mbele ya watu wake. Sikio likaanza kulia. Lile nililoapa, lile nililolibebea magunia ya makapi mwaka mzima, lilikuwa hapo, na mikono yangu ilikuwa mahali hasa inapotakiwa iwe. Nikatafuta mtu wa kunishika. Huyu hakuwa mtani wangu. Hakuna babu aliyewahi kuniambia nitulie mbele ya Mmasai. Nyuma, kijana mmoja aliacha kabisa kupumua, nami nikajua anainua mkono, kwamba Saning'o akianguka yeye ataurusha mkuki wake, na wao watarusha yao.

Nikashusha mabega. Ni jambo dogo sana kuliandika.

"Ng'ombe wana siku ngapi bila maji?" nikauliza.

Alinitazama, kiganja chake bado kiko wazi. Nadhani alikuwa anasubiri aanguke. "Wawili wamekufa jana," akasema.

"Njia yenu inapita wapi? Nionyeshe mwanzo na mwisho."

Akanyoosha fimbo juu ya mahindi. Nikamwachia shuka. Nikawageukia vijana wangu, nikawaambia wang'oe mahindi yote yaliyo juu ya utepe ule, upana wa ng'ombe wanne, mpaka mwisho wa shamba. Hawakusogea. Nikaanza mimi. Ni Bibi Zaina aliyekuja wa pili, akishika mabua kwa mikono miwili na kulaani kwa Kizigua, sijui alinilaani mimi au waliopima. Kisha wengine. Wamasai waliwazuia ng'ombe wasivuke kingo kwa miluzi, wakapita, na hakuna damu iliyomwagika Kang'ata siku hiyo.

Jioni Mzee Mhina aliitisha mkutano.

"Amepigwa kofi," alisema, akinionyesha kwa kofia yake, "na yeye akalipa kwa mahindi yetu. Mahindi ya kijiji! Bila kikao! Tumeleta simba, kumbe tumefuga kondoo."

"Mzee, wangeuana."

"Ulinzi ni kazi gani basi? Kupokea makofi?"

Watu walicheka, na wale waliocheka zaidi ni vijana ambao mchana walikuwa nyuma yangu. Kabla ya mkutano kwisha nilikuwa nimepewa jina: Kamanda Kofi. Watoto waliacha kuuliza kuhusu paa. Nilivuliwa uongozi, na shamba akapewa mtu mwingine, ambaye alipanda tena mtama juu ya ule utepe. Sikubaki kuona mwisho wake. Niliondoka alfajiri, shavu bado limevimba, sina la kumwambia mtu ila mmoja.

Nilimkuta Maganga amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, akikaza spoki za baiskeli, gurudumu mapajani. Mama Shija alikuwa anapepeta mahindi. Nilipomaliza shikamoo hakunitukana, maana aliona uso wangu. Nikamsimulia yote, kutoka njuga mpaka mkutano. Hakunikatiza ila mahali pamoja.

"Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Nje ya wake."

"Na mkono?"

"Nimeshika shuka."

"Ulikuwa umemmaliza."

"Nilikuwa nimemmaliza."

Akarudi kwenye spoki zake. Nikasubiri. Nilikuwa nimetembea kutoka Kang'ata kwa ajili ya hilo jambo moja, kusikia mwalimu wangu akisema nimefuzu, kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akinifundisha alasiri zote zile, kwamba kijiji kizima kimekosea na mimi niko sawa. Gurudumu lilizunguka, akalisimamisha kwa kidole.

"Mimi ningempiga," akasema.

Ungo wa Mama Shija ukasimama hewani. "Angempiga," akathibitisha. "Huyu namjua."

"Lakini mzee, wewe ndiye uliyenifundisha. Mabega. Pumzi."

"Nilikufundisha kwa utani. Mtu akinitukana kwa utani, ninapumua mpaka kesho. Mtu asiye mtani wangu akinizaba kofi mbele ya watu?" Akatikisa kichwa. "Ningekuwa nimemwangusha kabla mkono wake haujarudi. Na saa hizi ningekuwa nazika watu."

Alilaza gurudumu chini. Akavuta kigoda cha pili kutoka mlangoni, akakiweka mbele yake, karibu sana na chake, na kuniangalia usoni kama ambavyo hakuwahi kuniangalia kabla ya hapo.

"Hebu kaa," akasema. "Nieleze polepole. Ulifanyaje?"

Nikakaa, magoti yetu yakagusana, nikashusha mabega, nikaanza upya tangu zile njuga.